Maswali na Majibu: Birika la Matofali Nyuma ya Jumba

Katika toleo lililopita tulichapisha kwa ufupi barua ya msomaji aliyekabidhiwa usimamizi wa shamba kubwa la kale, lenye jumba la mwenye mali na majengo kadhaa ya huduma, akiuliza juu ya kijumba cha matofali ambacho hakuna mtu pale aliyekuwa na hakika nacho. Tangu hapo yamefika maswali mengine yanayohusu majengo ya aina hiyohiyo, na kwa kuwa yanakamilishana, safu yote ya mwezi huu tumeyaachia hayo.

SWALI: Nyuma ya jumba, juu kidogo ya mteremko, kuna kijumba cha matofali mekundu ambacho nusu yake imezama ardhini. Hakina dirisha isipokuwa tundu dogo lenye wavu wa chuma chini ya paa, na kuta zake ni nene kupita kiasi kwa jengo dogo namna hiyo. Ukichungulia mlangoni unaona shimo pana lenye tope, na juu yake dari la matofali lililojengwa kwa tao. Wapo wanaosema lilikuwa kanisa dogo, wengine wanasema ni mahabusu. Mimi nadhani ni la maji. Je, nimekosea? Na kama ni la maji, kwa nini walijenga kwa ustadi na mapambo kitu ambacho kilihitaji kuwa shimo tu?

JIBU: Hujakosea, ingawa dalili moja kati ya hizo inaweza kupotosha. Mashamba ya matajiri wa Ulaya na Marekani katika karne ya 18 na ya 19 yalikuwa pia na nyumba za kuhifadhia barafu, nazo vilevile zilijengwa kwa matofali, zikafukiwa nusu au zaidi, na zikanyimwa madirisha. Namna ya kuzitofautisha iko chini, sakafuni. Shimo la barafu kwa kawaida hupungua upana kadiri linavyoshuka, na mwisho wake huwa na mfereji ulioachwa wazi ili maji ya barafu inayoyeyuka yaondoke. Mlango wake hufikiwa kwa ukumbi mwembamba wenye milango miwili au zaidi, ili joto lisiingie. Birika, yaani tangi la kuhifadhia maji, ni kinyume cha hayo. Kuta zake za ndani zimepakwa lipu laini hadi kwenye mstari fulani ambao ndio ulikuwa kimo cha juu cha maji, na pale ukuta unapokutana na sakafu hutakuta pembe kali bali mviringo uliojazwa lipu, kwa kuwa pembe kali ndiyo mahali pa kwanza kupasuka na pagumu kuliko pote kusafisha. Bomba la kutolea maji halikai sakafuni kabisa. Limeinuliwa kiasi cha kiganja au zaidi, ili mashapo yatulie chini yake yasiingie jumbani, na kama fundi alikuwa makini utaona tundu jingine, lililo chini zaidi, ambalo kazi yake ilikuwa kutoa tope siku ya usafi tu. Ukiona mambo hayo matatu, ugomvi wa kanisa na mahabusu umekwisha.

Unene wa kuta una sababu moja, nayo ni uzito. Maji yenye kina cha mita 3 huweka tani 3 juu ya kila mita ya mraba ya sakafu, na sehemu ya chini ya ukuta husukumwa kuelekea nje kwa nguvu ileile. Tofali huvumilia sana kugandamizwa, lakini halivumilii kuvutwa. Ukuta wa matofali unaosukumwa kutoka ndani hutaka kufunguka kwenye viungio vyake. Waashi wa zamani walikuwa na njia chache za kukabiliana na jambo hilo: kuongeza unene, kuuzungushia ukuta pete za chuma, kuuegemeza kwa nguzo za nje, au kulizamisha birika ili udongo usukume kutoka nje huku maji yakisukuma kutoka ndani. Njia ya mwisho ndiyo nafuu kuliko zote, na ndiyo uliyoikuta. Dari la tao nalo si pambo. Linakinga mwanga, na bila mwanga mwani hauoti. Linazuia majani, ndege na wanyama. Linapunguza maji yanayopotea kwa mvuke. Tundu lenye wavu lipo kwa sababu chombo kilichofungwa kabisa hakiwezi kujaa wala kumwagika ipasavyo: hewa lazima itoke maji yanapoingia, na iingie maji yanapotoka.

Na mteremko? Kabla ya pampu za umeme, kimo ndicho kilichokuwa nguvu ya maji. Birika likikaa juu ya jikoni kwa mita 10, maji yatafika bombani yakiwa na msukumo unaokaribia ule wa hewa inayotuzunguka, na hayo yanatosha kabisa kwa jumba lenye orofa moja au mbili.

Kuhusu urembo, tuseme wazi kwamba maji ya bomba ndani ya jumba yalikuwa fahari, na wenye mali hawakutaka fahari hiyo ifichwe. Huko Carshalton, kusini mwa London, bado umesimama mnara wa maji wa matofali uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 18 kwa ajili ya Sir John Fellowes, mmoja wa wakubwa wa Kampuni ya South Sea, kampuni ya biashara ya Uingereza ambayo hisa zake ziliporomoka mwaka 1720. Chini ya mnara huo gurudumu lililozungushwa na maji liliendesha pampu iliyopandisha maji hadi kwenye birika lililo juu, na katika jengo hilohilo mlikuwa na ukumbi wa kupumzikia, chumba cha kukuzia mimea isiyostahimili baridi, na bafu la kuzamia lililopambwa kwa vigae. Mtu aliyejenga hivyo hakuwa anatafuta ndoo ya maji tu. Lakini kwingine hali ilikuwa ya kazi zaidi: vijumba vya Coombe, vilivyojengwa katika karne ya 16 ili kukusanya maji ya chemchemi na kuyapeleka kwenye kasri la Hampton Court kwa mabomba ya madini ya risasi yaliyopita chini ya mto Thames, ni vidogo na havina makeke, ilhali maji yake yalikwenda kwa mfalme. Kwa hiyo pambo halikuambii umuhimu wa maji. Linakuambia tu kama mgeni wa jumba alitarajiwa kupita hapo akatazama.

SWALI: Tunalo birika la namna hiyo, na limeanza kuvuja. Fundi aliyelitazama anashauri tubandue lipu yote ya zamani, tupige lipu ya saruji, kisha tupake rangi ya kuzuia maji. Anasema kazi itachukua muda mfupi na tatizo halitarudi. Tukubali?

JIBU: Msikubali. Huenda fundi wenu ni stadi kabisa katika majengo ya leo, lakini dawa anayoitaja ndiyo iliyoharibu majengo mengi ya aina hii, na ubaya wake ni kwamba mwaka wa kwanza inaonekana imefaulu.

Jengo la matofali ya zamani limeshikiliwa kwa chokaa. Mawe ya chokaa huchomwa tanuruni kwenye joto la karibu nyuzi 900, yakazimwa kwa maji, na uji unaopatikana huwa mgumu polepole kwa kunyonya kaboni dayoksaidi iliyomo hewani. Hapo ndipo penye kikwazo cha birika: chokaa ya kawaida iliyozamishwa kabla ya kukauka haipati hewa, kwa hiyo haigandi. Warumi walilitatua jambo hili kwa kuchanganya chokaa na majivu ya volkano, au, pale majivu hayo yalipokosekana, na vigae na matofali yaliyopondwa kuwa unga. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, alikwisha kuandika juu ya unga wa vigae katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Unga wa udongo uliochomwa huungana na chokaa hata chini ya maji. Birika la Piscina Mirabilis huko Bacoli, karibu na Naples, lenye nguzo 48 na uwezo wa mita za ujazo zaidi ya 12,000, lilipakwa lipu ya aina hiyo, na mabirika ya Istanbul ya karne ya 6, likiwemo lile kubwa la Kaisari Justinian lenye nguzo 336 zinazobeba matao ya matofali, yalifuata kanuni ileile. Katika miaka ya 1750 mhandisi Mwingereza John Smeaton, alipokuwa akijenga mnara wa taa wa Eddystone, aligundua kwamba mawe ya chokaa yenye udongo wa mfinyanzi ndani yake hutoa chokaa inayoganda majini bila kuongezewa kitu. Saruji ya Portland, ndiyo saruji ya kawaida ya leo, ilipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1824 kwa jina la Joseph Aspdin. Basi birika lililojengwa kabla ya hapo haliwezi kuwa na saruji hiyo isipokuwa pale mtu alipokuja baadaye kulikarabati.

Sasa tazameni lipu yenu kwa karibu, kipande kilichobanduka chenyewe, msivunje kingine. Mkiona vichembe vyekundu au vya rangi ya chungwa vilivyosambaa ndani yake, huo ni unga wa matofali. Mkiona madonge meupe madogo yanayosagika kwa ukucha, hiyo ni chokaa ambayo haikuchanganyika vizuri, na ni alama nzuri ya kazi ya zamani. Lipu ya saruji ni ya kijivu, ngumu, na ukiigonga kwa ufunguo hulia. Wapo wanaopima kwa kudondoshea siki; kipimo hicho hakisaidii hapa, kwa sababu saruji iliyokaa muda mrefu nayo hutoa povu.

Kwa nini saruji inadhuru? Ukuta ulioko ardhini hauachi kuwa na unyevu, kwa sababu udongo ulio nyuma yake una unyevu. Lipu ya chokaa huuachia unyevu huo njia ya kutokea. Saruji huufungia ndani. Unyevu unabeba chumvi, na chumvi inapofika mahali maji yanapokauka, hubaki pale na kujenga fuwele; fuwele hizo zikijengeka nyuma ya lipu isiyopitisha kitu, nguvu yake huishia kwenye uso wa tofali, nao humeguka kwa vipande vyembamba. Siku lipu ya saruji itakapobanduka, na itabanduka, itaondoka na ngozi ya tofali. Halafu kuna suala la ugumu. Jengo la kale husogea kidogo kila majira, na chokaa huweza kufuata mwendo huo. Ufa mwembamba katika chokaa hata huweza kujiziba, kwa kuwa maji yanayopita huyeyusha chokaa kidogo na kuiweka tena ndani ya ufa. Saruji haisogei, inapasuka, na maji yakipata ufa mmoja yanajaa nyuma yake pote.

Wala msidhani kwamba tatizo la lipu ya birika ni la mafundi wa leo peke yao. Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, alijenga mabirika manne chini ya ardhi katika shamba lake la Monticello, Virginia, kila moja likiwa na futi 8, yaani kama mita 2.4, kwa kila upande. Kilichomsumbua kwa miaka hakikuwa uchimbaji wala matofali. Ilikuwa ni kupata lipu itakayoshika maji.

Kabla ya kugusa lipu, tafuteni kwanza maji yanatokea wapi. Jazeni birika, funikeni juu ili mvuke usiwachanganye, wekeni alama ya chaki kwenye kimo cha maji, na muisome kila siku kwa saa ileile. Maji yakishuka kisha yakasimama, ufa upo kwenye kimo hicho yaliposimama au juu kidogo, si chini yake. Yakishuka mpaka karibu na bomba la kutolea, chunguzeni pale bomba linapopenya ukuta, kwa maana ndipo mabirika mengi huanzia kuvuja: chuma au risasi hutanuka na kusinyaa tofauti na tofali. Yakiisha yote, sakafu ndiyo mtuhumiwa. Tembeeni pia nje. Mti mkubwa uliokua karibu na ukuta, au mfereji wa maji ya ziada ulioziba, unaweza kuwa chanzo chenyewe, na hapo lipu mpya ya aina yoyote haitakuwa na maana.

Mkishajua mahali, tengenezeni mahali hapo tu. Kiungio kilicholika husafishwa kwa mkono, si kwa mashine ya kukatia, hadi kina kisichopungua mara mbili ya upana wake. Matofali huloweshwa ili yasinyonye maji ya mchanganyiko. Kisha hujazwa chokaa ya aina inayoganda majini pamoja na mchanga mkali. Lipu nayo hupigwa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikishika kabla ya inayofuata, na huwekwa magunia yenye maji juu yake kwa siku kadhaa. Haraka katika hatua hii ya mwisho huharibu kazi yote, kwa kuwa chokaa iliyokauka upesi hubaki unga. Na kama jengo lenu limeorodheshwa kuwa urithi wa kihistoria, ombeni kibali kwanza. Katika nchi nyingi hata kubadilisha lipu huhesabiwa kuwa badiliko la jengo.

SWALI: Maji ya birika la kale yanafaa kunywa yakichemshwa?

JIBU: Hayafai. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi, na birika la kale mara nyingi lina mabomba, viungio au hata bitana ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Yatumieni kwa bustani, kwa usafi wa nje na kwa kuzima moto.

SWALI: Tunataka kushuka ndani kusafisha tope lililokaa miaka mingi. Tuna pampu ya petroli ya kunyonyea maji. Je, kuna tahadhari maalumu?

JIBU: Zipo, na nazijibu kabla ya mtu yeyote kushuka ngazi. Tope linalooza hula oksijeni na kutoa gesi. Miongoni mwake ni haidrojeni salfaidi, ambayo mwanzoni hunuka kama yai bovu, lakini ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa, kwa hiyo kutoweka kwa harufu si dalili ya usalama. Kaboni dayoksaidi nayo haina harufu, ni nzito kuliko hewa, na hutuama chini kabisa, pale mtu anapoinamia koleo. Mshumaa au kibatari kilichoteremshwa kwa kamba si kipimo: mtu huweza kuzimia mahali ambapo moto bado unawaka, na kama kuna methani, gesi inayowaka, moto huo ndio utakaolipua.

Kodini kipima gesi, pulizeni hewa safi ndani kwa feni kwa muda wa kutosha, na pimeni juu, katikati na chini. Anayeshuka avae mkanda wenye kamba, na juu wabaki watu wawili wenye uwezo wa kumvuta bila wao kushuka. Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu katika ajali za visima na mabirika wanaokufa mara nyingi ni zaidi ya mmoja, wa pili akiwa yule aliyemfuata wa kwanza ili kumwokoa. Pampu ya petroli isiingizwe ndani, hata mlangoni. Moshi wake una kaboni monoksaidi, nao utashuka birikani. Iwe mbali, upande ambao upepo hautarudisha moshi, na mpira mrefu ndio uingie.

Jambo jingine halihusu watu bali jengo. Msikaushe birika kwa siku moja, hasa wakati ardhi imelowa kwa mvua. Maji yaliyo ndani yamekuwa yakisaidia kuta kuhimili udongo ulio nyuma yake. Yakiondolewa ghafla, udongo mzito wa maji husukuma bila kizuizi, na sakafu nayo husukumwa juu na maji ya ardhini. Punguzeni kidogo kidogo, msubiri, mtazame kama kuna nyufa mpya, kisha mwendelee. Na kabla ya yote hayo tazameni darini: popo hupenda sana matao ya matofali yenye giza, na katika nchi nyingi sheria inawalinda wao pamoja na makazi yao.

SWALI: Birika letu limekwisha kutengenezwa. Tukielekeza maji ya mvua kutoka paa la jumba, yatatosha kulijaza, au tunajisumbua?

JIBU: Hesabu yake ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa lenye eneo la mita za mraba 400, likipimwa kwa upana wa chini na si kwa mteremko wa vigae, likipata mvua ya milimita 25 litatoa lita 10,000, yaani mita za ujazo 10. Toeni sehemu ya tano kwa yale yanayolowesha vigae, yanayoruka na yanayobaki mifereji, mtabaki na lita 8,000 hivi. Pimeni urefu, upana na kimo cha maji cha birika lenu kwa mita, zidisheni, na mtajua linahitaji mvua ngapi za namna hiyo. Birika la mita 4 kwa 3 lenye maji ya kina cha mita 2 hushika lita 24,000, kwa hiyo mvua tatu nzuri zitalijaza.

Maji ya kwanza ya kila mvua yamwagwe nje, kwa sababu ndiyo yanayobeba vumbi na kinyesi cha ndege. Bomba la kuingizia lifikishwe karibu na sakafu na mdomo wake ugeuzwe kuangalia juu, ili maji mapya yasitibue mashapo. Tundu la maji yanayozidi liwe pana kuliko bomba la kuingizia, liwe na wavu, na maji yake yapelekwe mbali na msingi. Wakati wa mvua kubwa birika lililojaa hutoa kila lita linayoingiziwa, na maji hayo yote yakimwagwa mguuni pa ukuta yatalegeza udongo uleule unaoushikilia.